Nani apande gari, mtoto au mchezo? Tamasha la kituo na tamasha la mzunguko kwa Mwanza

Mara kwa mara kuna mtu hapa Mwanza hunipigia simu akisema ana wazo la tamasha la kimataifa la michezo ya jukwaani kwa watoto. Mazungumzo huanza na jina la tamasha, yakaenda kwenye fulana, yakamalizikia kwa mgeni rasmi. Mimi huwa na swali moja tu, nalo hukata stimu: watoto watauona mchezo wakiwa wapi? Tamasha la namna hii lina sura mbili, na ukishachagua moja, mengi yaliyobaki yameshajipanga yenyewe: bajeti, aina ya makundi utakayoalika, mwezi, barua utakazoandika, hata usingizi wako.

Sura ya kwanza ni kukodi ukumbi au kufunga maturubai sehemu moja. Makundi yote yanacheza hapo, watoto wanaletwa. Nitaliita tamasha la kituo. Ya pili, makundi yanapakia vitu vyao asubuhi na kwenda kucheza shuleni. Hilo ni tamasha la mzunguko.

Zote mbili zipo duniani na zote zimezeeka zikiwa hai. Tamasha la watoto la Vancouver, Kanada, lilianza 1978 na likajulikana kwa mahema yaliyofungwa kwenye bustani ya Vanier Park, kando ya maji. Edinburgh, Uskoti, wana lao tangu 1990, mwisho wa Mei kuelekea Juni, ndani ya kumbi za maonyesho za jiji. Denmark wamekwenda njia nyingine. Aprilfestivalen yao, iliyoanza mwanzoni mwa miaka ya 1970, huhamia mji mwingine kila mwaka, na michezo huchezwa mashuleni, maktaba na kwenye kumbi za michezo ya viungo za mji mwenyeji. Anayetaka kuiga ana pa kuiga. Ila wao wana barabara zao na mabasi yao. Sisi tuna wilaya za Nyamagana na Ilemela zilizobanana kwenye miamba, Magu upande mmoja, Misungwi na Sengerema upande mwingine, na ziwa limeingia kila mahali.

Hesabu ya Kosta

Tuseme umepata ukumbi wa viti 400. Maonyesho mawili kwa siku, Jumatatu hadi Ijumaa, ni watoto 4,000 kwa wiki. Kosta ya kawaida inabeba watu 28 hivi. Najua watoto hubananishwa hadi 45, lakini anayewabananisha watoto kwa jina la sanaa asiniite kwenye kamati yake. Watoto 400 pamoja na walimu wao wanakula Kosta 15 kwa onyesho moja. Kwa wiki ni safari 150, kwenda na kurudi.

Sasa geuza. Makundi manne, kila moja na haisi yake, kila moja linacheza mara mbili kwa siku mbele ya watoto 100. Kwa siku tano ni watoto 4,000 vilevile. Magari ni manne kwa siku, ishirini kwa wiki nzima.

Tofauti hiyo si ya mafuta tu. Nani analipa zile Kosta 150? Tamasha halina hela hiyo, kwa hiyo shule huwaandikia wazazi barua ya mchango. Mtoto ambaye barua yake imerudi bila kitu anabaki darasani kufagia. Mwisho wa siku ukumbi unajaa watoto wa shule zenye mabasi yake, ambao wengi wao wana televisheni mbili nyumbani, na wa Kishiri au Buhongwa wanasimuliwa. Sina ugomvi na watoto wa shule za mabasi, nao ni watoto. Ila usiandike kwenye bango kwamba tamasha ni la watoto wa Mwanza.

Miaka kadhaa nyuma niliwekwa mlangoni kupokea shule kwenye shughuli ya namna hii. Shule moja ya mbele ya Kisesa ilipangiwa saa tatu asubuhi. Gari likaharibika njiani, wakafika saa tano kasoro, sare zimepigwa pasi, soksi zimevutwa hadi magotini. Mchezo umekwisha, waigizaji wanafungua mapazia. Tukawapa soda, tukawapitisha mbele ya jukwaa tupu waone lilivyo. Kabinti kamoja kakanivuta mkono: "Mwalimu, wale watu wanatoka saa ngapi?" Tangu siku hiyo nikisikia neno "kituo" huwa namkumbuka yeye kwanza, na msomaji ajue kwamba mizani yangu imeshainama kidogo.

Madirishani

Nisiwe muongo lakini. Mzunguko una balaa lake, na balaa hilo ni idadi. Shule zetu nyingi za msingi za serikali zina watoto kuliko madarasa. Umekubaliana na kundi kutoka nje kwamba watazamaji ni 100, maana mchezo ni wa vikaragosi vidogo na mtoto wa mstari wa nne hatakiwi kusimama. Mnafika, mnafunga vitu, Darasa la Tatu wanaingia wanakaa kwenye mikeka. Dakika ya tano madirisha yote yamejaa vichwa. Dakika ya kumi mlango unasukumwa. Shule nzima imesikia kicheko, na hakuna mwalimu wa zamu atakayewarudisha watu 900 kwenye hesabu za sehemu wakati jirani kuna mdoli anayeongea.

Nimeona dawa mbili zikifanya kazi. Ya kwanza: kabla ya mchezo, wote watoke uwanjani, wapewe kitu chao cha robo saa, ngoma, sarakasi, au mwigizaji mmoja anayejua kushika umati. Wakishashiba wanarudi madarasani kwa amani, na Darasa la Tatu wanabaki na vikaragosi vyao. Ya pili ni kualika angalau kundi moja ambalo mchezo wake umetengenezwa kwa ajili ya uwanja na watu elfu, halafu shule kubwa zote zipewe hilo. Ile ya kumwambia mwalimu mkuu "hakikisha wengine hawaji" sijaiona ikifanya kazi popote.

Kituo hakina tatizo hili. Mlango ni mmoja, tiketi zimehesabiwa, viti ni 400. Kwa kundi linalocheza na watoto wa miaka miwili na mitatu, ambalo watazamaji wake huwa hata 50 hawafiki, kituo ni karibu lazima.

Giza, umeme, upepo

Makundi ya nje hutuma orodha ya mahitaji ya jukwaa. Upana, kimo cha dari, umeme kiasi gani, saa ngapi za kufunga, giza kamili au la. Soma mstari wa giza kabla ya mingine yote. Ukiandikwa "giza kamili", kundi hilo haliwezi kwenda mzunguko wako. Darasa lenye madirisha kumi ukiyaziba kwa mablanketi saa nne asubuhi, watoto 100 ndani, chini ya bati, umetengeneza tanuri. Kundi hilo ni la ukumbi wenye mapazia na kipoza hewa.

Kituo kinafungwa taa mara moja, Jumapili, na fundi analala. Umeme ukikatika, jenereta la ukumbi liko nyuma huko na kelele zake. Kwenye mzunguko jenereta ni adui. Hata lile dogo la kubeba mkononi, ukiliweka nyuma ya darasa, linammeza mwigizaji anayenong'ona. Kwa hiyo michezo ya mzunguko iwe ile isiyohitaji umeme, au inayotosheka na betri ya spika ndogo. Kipimo changu ni hiki: wasanii wasiozidi watatu, vitu vyote vinaingia kwenye haisi moja, kufunga kusizidi saa moja na nusu, mchezo wenyewe dakika 45 basi. Mchezo ukikidhi hayo, utachezeka Kisesa, Usagara na hata chini ya mwembe.

Na anayetaka kituo cha nje, maturubai Capri Point au viwanja vya Furahisha, ajue ziwa lina saa zake. Asubuhi maji yanakuwa yametulia. Jua likipanda, upepo unatoka ziwani kuja nchi kavu, na kufikia saa nane mchana pazia la nyuma linageuka tanga la mtumbwi. Pangeni maonyesho ya nje asubuhi, au baada ya saa kumi na moja, mkijua kuwa kwenye saa moja giza limeingia na watoto wanatakiwa kwao.

Kisukuma, Kiswahili, na kukaa kimya

Mtoto wa Darasa la Kwanza wa vijiji vya Magu Kisukuma chake kimetangulia Kiswahili, na Kiingereza anakisikia kwenye nyimbo. Kundi kutoka Ulaya au Asia linalotegemea maneno litakutaka uweke mkalimani pembeni ya jukwaa, na mkalimani huua mzaha: watoto wanacheka mara ya kwanza kwa sura ya mwigizaji, mara ya pili kwa tafsiri, na mchezo umeshachelewa. Kwa mzunguko nisingealika mchezo wa maneno kutoka nje kabisa. Vikaragosi, vichekesho vya mwili, michezo ya vitu, muziki. Ya maneno tuwaachie Wakenya, Waganda wanaokijua Kiswahili, na wa kwetu wenyewe.

Halafu kuna suala la namna watu wetu wanavyotazama. Pale Bujora, Kisesa, kwenye makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa miaka ya 1950 na padri wa Kanada, David Clement, kila mwaka kuanzia sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo huchezwa Bulabo. Pande mbili za kale, Wagika na Wagalu, hushindana, kila upande na ngoma yake na dawa zake na visa vyake, kwa wakati mmoja. Mshindi ni yule aliyevuta watu wengi. Mtazamaji anapiga kura kwa miguu: ukichosha, anahamia kwa mwenzio. Ndiyo maana mtoto wa huku hakai kimya kwa adabu ya ukumbini. Anamjibu mwigizaji, anamwonya kwamba fisi yuko nyuma yake, anamwambia dada yake kwa sauti kitakachofuata. Kundi lililozoea watoto walionyamaza gizani linaweza kudhani linazomewa. Waambieni mapema, kwa barua, kabla hawajapanda ndege. Kwenye ukumbi wa mjini walimu huwa wanawafinya watoto wanyamaze, jambo linaloniudhi kuliko jenereta. Kwenye mzunguko watoto wako kwao na mgeni ndiye anayejifunza adabu ya hapa. Kwangu mimi hiyo ni pointi ya mzunguko, na ni kubwa.

Kwa vijana wa sekondari mambo yanageuka. Hao wanataka maneno, wanataka kubishana baada ya mchezo, na wanataka kutoka shuleni. Kuja mjini peke yake ni nusu ya raha. Mradi wa Tuseme, ulioanza 1996 kwa wasichana wa sekondari, ulionyesha zamani kwamba kijana akipewa jukwaa anasema yale asiyoyasema ofisini kwa mwalimu. Kwa umri huu, kituo kinashinda.

Fedha na wageni

Hapa kituo kinaongoza, tusidanganyane. Ukumbini unaweza kukata tiketi Jumamosi na Jumapili, familia zikaja, bisi zikauzwa. Mfadhili anapata bango lake mlangoni na picha yenye watu 400. Balozi na vituo vya utamaduni vya Dar es Salaam vinavyogharimia tiketi za ndege za wasanii wao hupenda kuona hivyo. Waandaaji wa matamasha mengine wakialikwa wanatazama michezo mitatu kwa siku bila kuvuka barabara, jioni wanakula sato na kukubaliana biashara.

Mzunguko hauingizi hata shilingi. Mwalimu mkuu atawapikia chai, basi. Kila senti lazima iwe imepatikana kabla, na ukikopa, hata kwa masharti nafuu ya Mfuko wa Utamaduni na Sanaa Tanzania, mkopo ni mkopo, unarudishwa. Mgeni anayetaka kuona michezo mingi atakaa ndani ya gari muda mrefu. Ila nimegundua kuwa mgeni aliyeuona mchezo shuleni Misungwi huongea juu yake mwaka mzima, na aliyeuona ukumbini hukumbuka kipoza hewa.

Vibali havitofautiani sana, vinatofautiana kwa wingi. Wasanii wa kigeni wanahitaji kibali cha BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, na ruhusa ya uhamiaji ya kufanya kazi hiyo. Pasipoti yenye viza ya utalii isikudanganye. Ruhusa ya kuingia shule inapita kwa mkurugenzi wa halmashauri na maafisa elimu wake, na hapa wengi hujikwaa: Jiji la Mwanza na Manispaa ya Ilemela ni halmashauri mbili tangu 2012, japo ukisimama Kirumba huoni mpaka. Mzunguko unaofika Magu, Misungwi na Sengerema ni barua tano kwa halmashauri tano, na kila moja ina kaunta yake ya masjala na mtu wake wa "njoo kesho". Anzeni miezi mitatu kabla. Ndani ya barua hiyohiyo wekeni suala la picha: nani anapiga, zinakwenda wapi, na kwamba hakuna msanii anayebaki peke yake na mtoto.

Mwezi

Machi 20 ni Siku ya Kimataifa ya Maonyesho kwa Watoto na Vijana, na kila mwandalizi hutamani kuipata. Kwetu tarehe hiyo ni masika. Barabara za vijijini zinateleza na bati likinyeshewa hakuna anayesikia kitu, kwa hiyo mzunguko haufai. Juni ni kikavu, ila shule hufungwa, na walimu wenye kipaji cha sanaa wako na timu zao kwenye UMITASHUMTA na UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za msingi na sekondari. Septemba Darasa la Saba wana mtihani. Oktoba mvua za vuli zinaanza na mitihani ya upimaji ya Darasa la Nne inakaribia au imefika. Kinachobaki ni nusu ya pili ya Julai, na Agosti baada ya Nane Nane, kwa sababu maonyesho hayo ya wakulima pale Nyamhongolo yanameza spika, maturubai na Kosta zote za mkoa. Ulaya wengi wako likizo Agosti, kwa hiyo kwa makundi yao Julai ni rahisi zaidi. Kituo chenye ukumbi kinavumilia karibu mwezi wowote shule zikiwa wazi.

Ningechagua hivi

Mwaka wa kwanza, mzunguko, makundi manne, mawili ya hapa Afrika Mashariki na mawili kutoka mbali. Wa Nairobi na Kisumu wanakuja kwa basi kupitia Sirari, wa Kampala kupitia Mutukula, na hiyo inaokoa hela ya ndege. Jumatatu hadi Ijumaa shuleni. Jumamosi moja tu mjini, wote wakutane, familia zikate tiketi, mfadhili apige picha yake. Wanafunzi wa Chuo cha Ualimu Butimba, ambacho kimesomesha walimu wa sanaa kwa miaka mingi, wawe waongozaji wa kila gari: wanajua Kiswahili cha mwalimu mkuu na Kiingereza cha mgeni.

Anayelenga vijana wa sekondari tu, au aliyeahidiwa na makundi yenye taa nyingi, asinisikilize; achukue ukumbi. Na mwenye fedha ya ukumbi tu bila fedha ya Kosta ahesabu upya kabla hajasaini.

Sengerema sasa iweke kwenye ratiba bila woga. Tangu Daraja la JPM la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, kundi linaondoka Mwanza baada ya chai, linacheza, na linarudi kulala mjini. Zamani foleni ya kivuko pekee ingekula onyesho la kwanza.

Ukerewe ni habari tofauti. Usithubutu kuandika barua ya kuomba watoto wa Nansio waletwe Mwanza kwa maji. Watu wa mwambao huu hawajasahau MV Bukoba ya Mei 21, 1996, wala MV Nyerere iliyozama Septemba 20, 2018 karibu na Ukara, na mzazi atakayekukatalia ana haki zote. Pelekeni mchezo. Chagueni ule wa wasanii wawili wenye masanduku mawili, wavuke kwa meli ya abiria kwenda Nansio, au wazunguke kwa barabara kupitia Bunda hadi Kisorya na kuvuka kipande kile kifupi kwa kivuko cha Rugezi. Walale huko siku mbili, wacheze shule nne. Masanduku yafungwe kwa nailoni kabla ya kufika bandarini, na kikaragosi mkuu asafiri mapajani mwa mwenyewe.